Franchaizi ya kuku wa kukaanga ya Dar wanataka milioni 83 nifungue Mwanza, wenye uzoefu naombeni mnifungue macho

#1 Ng'wanaNyegezi
Habari wakuu, niende kwenye mada. Kuna kampuni ya kuku wa kukaanga iko Dar, jina naliacha kwa sasa, wana matawi kadhaa huko na wanasema wanakuja Kanda ya Ziwa kwa mtindo wa franchaizi. Yaani unalipa unatumia jina lao, rangi zao na menyu yao, wao wanakufundisha wewe na vijana wako. Masharti yao haya: ada ya kuingia milioni 35 hairudi, vifaa vya milioni 48 lazima nichukue kwao, kila mwezi asilimia 6 ya mauzo wanachukua kama mrabaha na asilimia 3 nyingine ya matangazo. Viungo, maboksi na kuku waliokatwa tayari vinatoka kwao Dar. Mkataba miaka 5. Nina akiba milioni 50 na benki wamekubali kunikopesha 50. Fremu nimeiona Buzuruga, milioni 2.5 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Yule jamaa wa mauzo anasema mtaji unarudi ndani ya mwaka na nusu, na kuna mtu mwingine anaitaka Mwanza kwa hiyo niwahi. Aliyewahi kuingia biashara ya namna hii anisaidie, hela hii sijaiokota.

#2 KijanaWaIgoma
Milioni 83 kwa kuku 😳 nakaa hapa nasubiri wajuzi

#3 MamaKNyakato
Mwanangu hapo kwenye "kuna mtu mwingine anaitaka" ndipo walinishikia na mimi. Yangu ilikua ya aiskrimu na maziwa mtindi, kampuni siitaji, nilifungua Nyakato. Kwenye makaratasi mafunzo ni wiki mbili, wakaja kijana na binti wakakaa siku tatu wakapiga picha za ufunguzi wakaondoka. Miezi ya mwanzo biashara ilienda vizuri sana sikatai, watu walipenda, jioni unakuta foleni. Shida ikaanza mashine ilipozingua. Fundi wa Mwanza haruhusiwi kuigusa, ukifungua tu garantii imekufa, na fundi wao yuko Dar na anahudumia nchi nzima. Nikapiga simu, yule meneja aliyeniuzia ameshaacha kazi, mpya hanijui, ananiambia andika imeili. Mashine imelala wiki na wiki joto la Oktoba ndio wakati wa kuuza aiskrimu, na kwenye mkataba kuna kitu kinaitwa kiwango cha chini, yaani hata usipouza kitu kuna hela lazima uwatumie kila mwezi. Nikawa nalipia jina lililoko ukutani. Kwa hiyo usiulize mafunzo yakoje, uliza siku mashine imekufa Ijumaa saa kumi jioni nampigia nani na anafika lini, na waandike.

#4 HesabuKwanza
Mama K pole sana. Mleta mada ngoja tuweke namba maana naona watu wanaangalia ile 83 tu. Una 100. Ukitoa 83 zinabaki 17, miezi sita ya fremu ni 15, umebaki na milioni 2. Hapo hujafunga umeme, hujapiga rangi, hujalipa leseni, hujanunua mashine ya EFD ya kutolea risiti, hujaagiza hata kuku mmoja. Unaanza biashara huna pumzi.

Sasa tuseme umeanza. Chukua mauzo ya laki 9 kwa siku, mwezi milioni 27. Asilimia 9 yao ni 2,430,000. Kuku, viungo, mafuta na maboksi nakuwekea asilimia 45, na hapo nimekuonea huruma maana bei wanapanga wao, ni 12,150,000. Fremu 2.5. Vijana tisa kwa laki 3 ni 2.7. Umeme na gesi 1.8. Usafiri wa mzigo wa baridi toka Dar weka 1.2. Jumla 22,780,000, imebaki 4,220,000. Mkopo wa 50 kwa riba ya asilimia 17 miaka mitatu marejesho ni kama 1,780,000 kwa mwezi. Mkononi 2,440,000 kabla ya kodi na kabla ya fraya, yaani mashine ya kukaangia, kuharibika.

Alafu shusha mauzo yawe laki 6 kwa siku, kitu cha kawaida kabisa mwezi wa kwanza watu wakilipa ada za shule. Mauzo milioni 18. Wao wanachukua 1,620,000. Mali 8,100,000. Zile nyingine hazishuki, 8,200,000. Unabakiwa na elfu 80. Elfu themanini, na benki wanataka 1,780,000. Ona vizuri hapo, mwenye jina kapata milioni 1.6 wewe elfu 80, kwa sababu asilimia inakatwa kwenye mauzo haikatwi kwenye faida. Yeye hajawahi kupata hasara kwenye duka lako hata siku moja.

#5 KijanaWaIgoma
Hii ya elfu 80 imenitoa jasho na biashara sio yangu

#6 SatoWaZiwa
Nyie mnahangaika na hesabu, mimi naangalia mlaji. Mtu wa Mwanza anapita Mwaloni Kirumba anaona sato katoka majini, pembeni mama anakaanga, sahani moja ya ugali unashiba mpaka kesho. Leo umuuzie kuku aliyegandishwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye lori? Hizi biashara zinakufa huku kwa sababu zinakuja na ulimi wa Masaki kwa matajiri wa Dar. Tatizo ni soko wala sio mkataba.

#7 DogoSAUT
@SatoWaZiwa mzee wangu shikamoo lakini hapana. Njoo huku Malimbe jioni uone wanafunzi wanaagiza nini kwa bodaboda. Ni kuku na chipsi, kuku na chipsi, na wanapiga picha boksi kwanza kabla ya kula. Sato tunakula tukirudi nyumbani kwa mama. Soko lipo, ila liko Nyegezi, chuoni SAUT, katikati ya mji na pale Rock City Mall wikiendi. Buzuruga ndo sielewi, mabasi makubwa yaliposogea Nyamhongolo ule mzunguko umepungua.

#8 SatoWaZiwa
Marahaba dogo, ila boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likiisha hao wateja wako wanakula nini? Maharage.

#9 WakiliWaMtaani
Naomba niongelee karatasi maana humo ndimo watu wanapozama. Tanzania Bara hatuna sheria maalum ya franchaizi. Kinachokulinda ni mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Mikataba Sura ya 345. Maana yake hakuna anayemlazimisha huyo muuzaji akuonyeshe vitabu vya matawi yake, yamefunguliwa mangapi, yamefungwa mangapi, ana kesi gani, kabla hujalipa. Wewe ndio unatakiwa uombe, na akikataa hajavunja sheria.

Ile kauli ya "mtaji unarudi mwaka na nusu" itafute kwenye mkataba. Haimo, nakuhakikishia. Na mara nyingi mwishoni kuna kifungu kinasema makubaliano yote ni haya yaliyoandikwa na hakuna ahadi nyingine yoyote. Sheria inaruhusu kuvunja mkataba ulioingia kwa maelezo ya uongo, lakini utathibitishaje kama uliambiwa kwa mdomo hotelini? Mwandikie leo imeili, muulize tu kwa upole, ndugu ulisema mtaji unarudi baada ya muda gani na umetumia mauzo ya tawi lipi kukokotoa. Akijibu una ushahidi. Asipojibu pia umepata jibu.

La pili, alama ya biashara. Nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uhakiki imesajiliwa na kwa jina la nani. Nimeona mkataba ambao kampuni inakodisha alama ambayo kumbe imesajiliwa kwa jina la mkurugenzi binafsi, siku wakigombana wewe unashusha bango.

#10 Diaspora_Ohio
Naunga mkono wakili. Huku Marekani mambo haya yana sheria, muuzaji anakupa kitabu kizima cha taarifa zake na unakaa nacho mwezi mzima kabla ya kusaini, hela yako haiguswi. Na Afrika yote ingekuwa hivyo.

#11 WakiliWaMtaani
@Diaspora_Ohio kwenye kitabu uko sahihi ila sio mwezi, ni siku 14 za kalenda kabla ya kusaini au kulipa. Ni kanuni ya tume yao ya biashara, FTC, ipo tangu mwaka 1979, na hicho kitabu kina vipengele 23. Kipengele cha 20 ndio kitamu, kinaonyesha maduka mangapi yamefunguliwa, yamefungwa na yamebadilisha mikono, pamoja na mawasiliano ya wamiliki waliopo na walioondoka. Kipengele cha 19 ni mapato, hicho sio lazima akijaze, ila hawezi kukutajia mapato pembeni bila kuyaandika humo. Na Afrika isiwekwe kwenye kapu moja, Afrika Kusini sheria yao ya kulinda walaji ya 2008 inamtaka atoe taarifa siku 14 kabla na inakupa siku 10 za kazi baada ya kusaini ubadili mawazo bila adhabu. Ni sisi ndio bado.

#12 Diaspora_Ohio
Sawa mkuu, asante kwa kunisahihisha. Ila sheria nayo isiwape watu usingizi. Kulikuwa na mnyororo wa sandwichi unaitwa Quiznos, miaka ya 2007 hivi walikaribia maduka 5,000. Wenye maduka walilalamika wakaenda mpaka mahakamani wakisema wanalazimishwa kununua mali kwa kampuni dada kwa bei ya juu kiasi kwamba faida haionekani. 2014 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, maduka kwa maelfu yalishafungwa. Na kile kitabu cha taarifa wote walipewa.

#13 Ng'wanaNyegezi
Wakuu nawasoma wote, mnaniumiza ila wabeja sana. BRELA nilishaangalia, jina lao lipo kabisa.

#14 WakiliWaMtaani
Umeangalia jina la kampuni au alama ya biashara? Ni rejista tofauti. Mtu anaweza kuwa na kampuni imesajiliwa vizuri na ile nembo ya kuku haijasajiliwa popote, kesho mwingine anaisajili. Alama ikisajiliwa Bara inaishi miaka 7 ya kwanza alafu inahuishwa kwa miaka kumi kumi, kwa hiyo angalia na tarehe isije ikawa imelala. Zanzibar ni usajili wao, hilo kwako halikuhusu.

#15 ShemejiWaBusisi
Mimi niwape kisa cha ndugu yangu maana hakuna aliyegusia eneo kwa undani. Mume wa dada yangu alichukua kibanda cha kampuni moja ya vitafunwa na kahawa upande wa Kigongo, enzi za kivuko. Mnakumbuka foleni ya pale, magari yanakaa masaa watu wameshuka wananunua chochote kinacholika. Alikua anauza mpaka anachoka. Juni 2025 daraja la Kigongo Busisi likafunguliwa, kilomita 3 gari linapita dakika chache, nani anashuka kununua kahawa? Ndani ya wiki pale pakawa peupe. Akawaomba wenye jina ahamie Usagara au Sengerema mjini, wakamwambia mkataba umeandikwa eneo hilo, kuhama ni maombi mapya na ada mpya. Akaendelea kulipa kiwango cha chini kama mama K alivyosema huku anauza chai vikombe vichache kwa wavuvi. Daraja tunalipenda, limetuokoa na wagonjwa waliokua wanasubiri kivuko usiku, lakini kwake mkataba ulimfunga kamba mguuni.

#16 HesabuKwanza
Pole yake, ila shemeji, hilo daraja lilianza kujengwa 2020 nguzo kila mtu anaziona. Alisaini lini?

#17 ShemejiWaBusisi
Alisaini nguzo zimesimama ndio. Na walioleta mkataba nao walisimama pale pale wakapiga picha nguzo zikionekana nyuma. Wao ndio walijiita wataalamu wa kuchagua eneo, kuna hela ya "tathmini ya eneo" walichukua. Kama utaalamu wenyewe hauoni daraja kubwa kuliko yote nchini, wanatathmini nini?

#18 MzeeWaSheli
Vijana, niongeze la kwangu. Nimeendesha sheli ya kampuni ya mafuta kwa miaka mingi, kituo chao, nembo yao, mimi mwendeshaji. Ni ndugu wa hiyo franchaizi yenu. Tofauti ni kwamba kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, anatangaza bei kikomo na ndani yake faida ya muuza rejareja imo inajulikana, kampuni ya mafuta haiwezi kuamka asubuhi ikala fungu langu lote. Kwenye kuku nani anatangaza bei kikomo ya boksi na viungo? Hakuna. Kwa hiyo ile 6 na 3 msiiangalie sana, pesa yao kubwa imekaa kwenye mzigo. Mleta mada awaulize kilo ya kuku wao ni shilingi ngapi ikifika Mwanza, kisha aende kwa wafugaji wa broila wa Kisesa aulize.

#19 KijanaWaIgoma
Mzee wa Sheli umeua. Na Coca Cola si ndo hivyo hivyo, pale Nyanza Bottling wananunua ile dawa wanachanganya maji wanauza

#20 MzeeWaSheli
Ni mfano mzuri kijana wangu. Na uzuri wa mkataba wa kwanza kabisa wa kujaza chupa, mwaka 1899 kule Marekani, wanasheria wawili walipewa haki karibu nchi nzima kwa dola moja na bei ya ile sharubati ikafungwa isipande. Ilikuja kuisumbua kampuni miaka mingi baadae. Waliosaini upande wa kununua walijua cha kufunga ni bei ya malighafi.

#21 SatoWaZiwa
Tumetoka kuku tumefika 1899, huu uzi utafika Bismarck Rock usiku huu 😂

#22 NilikuaHukoNdani
Nimesita kuandika lakini ngoja. Nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa pili, idara ya kusimamia matawi ya franchaizi ya chakula, sio hiyo ya mleta mada. Mnawachora wenye jina kama majambazi. Asilimia kubwa ya maduka niliyoona yakifa yalikufa kwa mwenye duka. Mtu analipa hela zote hizo alafu anamuweka mpwa wake, yeye yuko kazini serikalini anakuja Jumapili kuchukua hela. Mafuta ya kukaangia yanatakiwa kubadilishwa, wanayatumia mpaka yanakua meusi. Viungo vyetu wanachanganya na vya sokoni ili vidumu. Wateja wanaonja mara moja hawarudi, mauzo yakishuka anasema kampuni haitoi sapoti. Tukimpeleka mkaguzi anasema tunamsumbua. Na ule mzigo wa lazima upo kwa sababu hiyo hiyo, ladha ya Mwanza ifanane na ya Dar, bila hivyo hilo jina mnalolilipia lina maana gani?

#23 MamaKNyakato
Kaka nimekusoma kwa heshima. Mimi nilikua dukani saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, mpwa sina. Mashine ilikufa na fundi hakuja. Niambie hapo kosa la mwenye duka liko wapi. Na hao wakaguzi unaosema, kwangu mkaguzi alikuja haraka sana siku niliyochelewesha mrabaha, ila siku ya mashine hakuna aliyepanda basi.

#24 NilikuaHukoNdani
Dada kwa kesi yako umeonewa, siwezi kuitetea. Ntasema ukweli wa ndani: kampuni changa inauza matawi mengi kwa sababu ile ada ya kuingia ndio inalipa mishahara ya makao makuu. Watu wa mauzo wanakua kumi na tano, watu wa kusimamia matawi wawili. Mleta mada uliza hilo swali, wasimamizi wangapi na matawi mangapi, na msimamizi wa Kanda ya Ziwa anaishi wapi. Akikuambia "atakua anakuja" basi hayupo. Ila bado nasimamia nilichosema kuhusu wenye duka wanaosimamia kwa simu.

#25 HesabuKwanza
Sasa hapo umekubaliana na mimi bila kusema. Anayekula kwenye ada ya kuingia hana haja duka liishi miaka 5, anahitaji duka lingine lifunguliwe mwezi ujao. Linganisha na McDonald's, wale tangu 1956 walianzisha kampuni ya ardhi, wanamiliki au kukodi eneo kisha wanampangisha mwenye duka, duka likifa na wao wanabaki na jengo tupu. Huko maslahi yanafanana kidogo.

#26 MzeeWaSheli
Yanafanana lakini na yenyewe ina sumu. Mwenye jina akiwa ndio mwenye nyumba, mkigombana anakutoa kwenye vyote viwili kwa siku moja. Nimeyaona kwenye sheli. Mkataba umefika mwisho, unaambiwa acha funguo, wateja uliowajenga miaka yote wanabaki na kituo.

#27 Ng'wanaNyegezi
Nimerudi wakuu. Nimeomba rasimu ya mkataba wamenitumia kurasa 41, nimesoma usiku mzima. Nilivyokuta: (1) eneo langu limeandikwa "duka hilo", hakuna umbali wala wilaya. (2) Nikiacha au mkataba ukiisha nisifanye biashara ya kuku ndani ya Mkoa wa Mwanza miaka 2. (3) Kuna fomu ya dhamana binafsi mimi na mke wangu tusaini. (4) Bei ya mali "kadri itakavyotangazwa na kampuni". (5) Malipo yote kwao yawe kamili bila makato ya kodi yoyote. Kuku wao kilo ikifika hapa ni karibu mara moja na nusu ya bei niliyopewa Kisesa. Mauzo ya matawi ya Dar wamesema ni siri ya kampuni. Ile imeili kuhusu mwaka na nusu nilituma, nimepigiwa simu, haijajibiwa kwa maandishi.

#28 WakiliWaMtaani
Umefanya kazi nzuri kuliko wengi waliokuja ofisini wameshasaini. Namba 1 maana yake kesho wanaweza kufungua lingine mtaa wa pili kwa mtu mwingine na huna la kusema, dai wilaya ya Ilemela na Nyamagana iandikwe. Namba 3, hata ukifungua kampuni ya ukomo wa dhima ili madeni yake yasikufikie wewe binafsi, milango yake imefunguliwa yote, deni linakufuata mpaka kitandani, na shemeji asisaini kitu ambacho hajasomewa na mtu wake mwenyewe. Namba 2 inaweza kupingwa lakini kupinga ni muda na hela. Angalia na kifungu cha migogoro, naamini kimeandikwa usuluhishi Dar, nauli na wakili juu yako.

#29 HesabuKwanza
Namba 5 msiipite. Mrabaha unakatwa kodi ya zuio asilimia 15 na anayetakiwa kukata na kupeleka TRA, mamlaka ya mapato, ni wewe unayelipa. Wao wakisema walipwe kamili maana yake kodi yao unaibeba wewe. Kwenye ule mfano wa mauzo milioni 27, mrabaha ni 1,620,000. Ili wao wapate yote hiyo mkononi, hesabu inakuwa 1,906,000 na 286,000 inaenda TRA toka mfukoni kwako. Hiyo asilimia 6 imeshakuwa 7 na ushee. Usipokata TRA watakuja kwako, hawaendi kwao.

#30 DogoSAUT
Kwani bro kwa nini usifungue ya kwako tu? Kuku wa Kisesa, viungo tunajua, jina weka hata Jiwe Kuku. Kwa milioni 50 yako bila mkopo unafungua mbili.

#31 NilikuaHukoNdani
Inawezekana ila dogo usimrahisishie. Biashara zisizo na jina nazo zinakufa kila kona ya Kenyatta Road, sema hazifunguliwi uzi. Mfumo mzuri wa oda, vipimo, namna ya kupanga zamu, hivyo vina thamani na vinamuokoa mtu asiyewahi kuuza chakula. Yeye amewahi?

#32 Ng'wanaNyegezi
Sijawahi kuuza chakula, nimekua kwenye vifaa vya ujenzi. Ndio maana nilivutiwa.

#33 SatoWaZiwa
Basi kabla ya lolote kaa kwenye jiko la mtu mwezi mmoja hata bila mshahara. Kwangu Kirumba njoo, utakaanga sato mpaka moshi ukutoe machozi, ukitoka utajua kama chakula ni kitu chako. Nasema kweli, njoo.

#34 MamaKNyakato
Na uende Dar kwenye matawi yao, sio lile walilokupeleka wao. Kaa meza ya pembeni mchana na usiku, hesabu wanaoingia, alafu mwenye duka akifunga mwombe dakika tano. Mwenye maumivu ataongea bila kuombwa. Ukimpata aliyeshafunga ndio bora zaidi, yule hana tena cha kuficha.

#35 Ng'wanaNyegezi
Nimekubali yote mawili mama. Nimewaandikia mambo manne: wilaya zote mbili ziwe zangu, bei ya mali ipande kwa sababu inayoonekana na nipewe taarifa miezi mitatu kabla, kuku ninunue Mwanza kwa vipimo vyao, na mke wangu atoke kwenye dhamana. Jamaa wa mauzo amesema mkataba ni mmoja kwa wote haubadilishwi ila atauliza juu. Yule "mtu mwingine anayeitaka Mwanza" leo hakumtaja. Fremu nimeiachia, mwenye nyumba kanuna. Nitaenda Dar mwisho wa mwezi, nikirudi ntaweka hapa nilichokiona.

#36 NilikuaHukoNdani
Wakikubali hilo la kuku wa Mwanza kwa vipimo vyao, waheshimu, ni kampuni inayosikiliza. Ila watakagua machinjio, jiandae.

#37 MzeeWaSheli
Hawatakubali. Hapo ndipo pesa ilipo.

#38 Mgeni_Geita
Samahani wakuu nimepita tu, na hizi za mashine za maji ya kunywa za kuuza kwa lita zenye nembo, zinazouzwa huku Geita na Katoro kwa kulipia kidogo kidogo, nazo ni mtindo huu huu?

#39 WakiliWaMtaani
Inategemea mkataba unasemaje filta anabadilisha nani na kwa bei ya nani. Fungua uzi wake uweke masharti kama alivyofanya huyu, tutakuja.